Mbio za Trekta Moja Iliyobaki

Nimechoka kuulizwa kwa nini niliacha udereva. Sikuacha. Miaka ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, hapa Nachingwea, mimi wa Likunja na mwenzangu, Mmakua wa Naipingo, tuling'oa pori kwa trekta mbili zilizofungwa mnyororo mmoja mrefu katikati. Ukimtangulia mwenzako, mnyororo unamvuta upande, anaweza kupinduka. Basi jicho moja mbele, jingine kwake. Akipunguza, punguza. Misimu miwili, jamani, mpaka shingo zikakakamaa.

Karanga zikakataa. Madereva wakaanza kurudishwa makwao, ikaamriwa ibaki trekta moja tu ya kuendeshwa, nyingine zikingoja kuchukuliwa. Bwana mkubwa, kwa kutaka kujifurahisha, akasema kabla hazijachukuliwa tushindane nazo: sisi wawili wa kambi yetu na mmoja wa kambi ya Nambambo. Wa kwanza kufika kwenye mapipa ya mafuta, kule mwisho wa shamba, abaki na kazi. Wengine wakashike jembe.

Asubuhi ya mashindano nyapara wetu aliniita pembeni. Alikuwa shemeji yake mwenzangu.

"Wewe una mbio kuliko yeye. Ukiwa mbele, mpishe. Wala usimwambie, ana kiburi yule, atakataa."

Niliwaka. Nikamwambia hiyo ni dhuluma. Akanijibu kwamba mwenzangu ana watoto watano, mimi sina hata mmoja. Nikanywea.

Tukaondoka. Katikati ya njia nilikuwa mbele, yule wa Nambambo yuko nyuma kabisa. Nikapunguza mwendo ili mwenzangu apite. Naye akapunguza! Nikapunguza tena, naye hivyohivyo, ananitazama, ananiuliza kwa mkono, vipi? Kwa kelele za mashine hatusikilizani. Nampungia pita, pita we! Yeye anadhani nimeharibikiwa, naomba msaada. Lahaula! Tukawa tunatambaa sambamba kama maharusi, na yule wa Nambambo akatupita anacheka.

Wote wawili tukarudi kulima. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza, na sikujua nimkasirikie nani.

Kila tulipokutana gulioni, mwenzangu alinishika mkono hauachii. "Nisamehe, ndugu yangu. Ulikuwa umeshashinda. Ni mimi niliyekuchanganya."

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nampa ushindi, akaukataa bila kujua? Alipougua ugonjwa uliomwua aliniomba tena, watoto wake wamekaa pale wanasikiliza. Nikamwambia nimeshakusamehe.