Jina la Chama cha Mjomba

Mjomba wangu alistaafu ualimu wa Kiswahili akiwa bado na nguvu nyingi kuliko kazi za kufanya. Wenzake walirudi kwao Lindi kuangalia mikorosho. Yeye alibaki Kariakoo, na kila asubuhi alikaa kwenye benchi la steshenari yangu akisoma magazeti matatu na kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku moja alikunja la tatu, akanigeukia.

"Mpwa wangu, nimeamua. Naanzisha chama cha siasa. Wewe utakuwa katibu, maana una printa."

Nilidhani yatapita. Wiki iliyofuata akaja na waasisi wawili. Mmoja alikuwa mama mwenye duka la vitenge ng'ambo ya barabara, mwanamke wa maneno ya haraka, asiyeogopa mtu. Wa pili alikuwa mzee aliyepakua mizigo bandarini mpaka mnyororo ulipomponda mguu. Alichechemea, lakini sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayeshindana na winchi. Tulipanda ghorofani kwenye stoo yangu, tukakaa juu ya maboksi ya karatasi, feni moja na birika la kahawa katikati. Ajenda ilikuwa moja: jina.

Mimi nilitenga nusu saa. Tulitumia Jumamosi nne.

Nilikuwa nimechapa orodha ya vyama vilivyokwisha kusajiliwa, tusije tukachukua cha mtu. Kumbe kila neno tamu lilikuwa na mwenyewe. Mzee wa bandarini akaleta Chama cha Ukombozi wa Pili.

"Watatuuliza ule wa kwanza uliishia wapi," alisema mama wa vitenge.

"Ndiyo maana tunaleta wa pili!"

Yeye mama alitaka Sauti ya Soko. Mjomba akasema watu wa mikoani watadhani ni redio. Chini dirishani, muuza soksi alikuwa amerekodi sauti yake kwenye spika, ikarudia mchana kutwa: "Chagua, chagua, chagua mwenyewe!" Mjomba alitoa kichwa kumwomba apunguze. Yule bwana alimjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu!" na sauti akaiacha vilevile.

Jumamosi ya tatu Mjomba aliingia anang'aa. "Chama cha Wachapakazi," alisema, akatupa nafasi tulionje. Tulilionja, tukalipenda. Mzee wa bandarini alipiga paja lake. Ghorofa nzima ya wachapakazi, pamoja na soko lote la chini! Nilishuka mbio kujaza fomu kwenye kompyuta. Kulikuwa na kisanduku cha jina kwa kifupi.

"Chukua mwanzo wa kila neno," Mjomba alipaza sauti kutoka ngazini, "kama wanavyofanya wenzetu."

Nikaandika CHA. Nikaandika WA. Nikatazama kioo. Kisha nikawadanganya kwamba wino umekwisha, nikawaaga.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mjomba ndiye aliyenilea, na sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile tangu astaafu. Alinipigia simu mara tatu bila sababu, kulitamka jina tu. Ningemwambiaje? Jumamosi ya nne niliweka karatasi yenye kifupi kile juu ya boksi mbele ya wote, nikainama kumimina kahawa.

"CHAWA," alisoma Mjomba kwa utulivu. "Nilishaona. Ulidhani mwalimu wa Kiswahili hataona? Nimelipima. Chawa ni mdudu mvumilivu, hakai mahali pasipo na watu. Na siku hizi, nani ana habari na chawa? Wamekwisha."

Mama wa vitenge nusura apaliwe na kahawa. "Wamekwisha? Mwalimu, mji huu umejaa chawa!"

"Vichwani?"

"Kwa mabosi!"

Ikabidi nimweleze. Siku hizi chawa ni mtu anayemganda mkubwa, anamsifia mitandaoni asubuhi na jioni, ili adondoshewe chochote. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanachama wetu ataitwa nani?"

"Chawa, Mjomba."

"Na mwenyekiti?"

"Chawa mkuu," alisema mzee wa bandarini, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili.

Mama wa vitenge aliangua kicheko. Mjomba hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu. "Nimeifundisha lugha hii maisha yangu yote," alisema. "Sasa imehama nyumba, haikuniaga." Nilitamani ningesema mapema, tukiwa wawili tu.

Mzee wa bandarini akaingilia kati. Alisema siku mguu wake ulipopondwa, wachapakazi wenzake walirudi kuchapa kazi, meli haingoji. Waliompeleka hospitali kwa zamu, miezi mingi, ni watu wa nyumba za jirani pale Buguruni. "Mmoja wao tulikuwa hatusalimiani."

"Basi Chama cha Majirani," alisema mama wa vitenge, kama mtu anayekata kitenge.

Nilipitisha kidole kwenye orodha. Halikuwepo. Mjomba akavaa miwani, safari hii akaanza na kifupi. "Cha," alisema. "Ma." Akaviunganisha. "Chama. Chama kinachoitwa Chama."

"Wakiuliza, wewe chama gani?" aliuliza mzee.

"Chama!" alidakia mama wa vitenge.

Hapo Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Tulipiga kura, mikono minne, na fomu nikaichapa siku hiyohiyo.

Chama hakikusajiliwa. Tulitakiwa kupata wanachama mikoani, na Mjomba alipanda basi hadi Lindi na Mtwara, akarudi na gunia la korosho na saini za ndugu zetu watupu. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, mama wa vitenge aligombea ujumbe kwa tiketi ya chama kingine, akapita. Mjomba alimnunia siku tatu. Siku ya nne alivuka barabara kwenda kumpongeza, na kalamu nyekundu mfukoni, kwa sababu alikuwa ameiona hotuba ya shukrani aliyoiandika mama huyo.