Niliyemsogeza Mbele Njia ya Ruangwa

Usiponiamini, njoo Nachingwea. Gari liko uani kwangu, mlango sifungi. Kaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, jua likiwa la utosi, halafu uniambie kama nimetunga. Wengi walikuja wakicheka. Hakuna aliyekaa akamaliza kicheko chake.

Nimeendesha malori ya korosho karibu maisha yangu yote, kwa hiyo usinione mtu wa kuona mazigazi barabarani. Mke wangu alipofariki, mwanangu wa kiume aliye Dar alininunulia kigari cha umeme, kilichokwishatumika Japani mpaka betri ikachoka. Walinicheka mjini, wee! "Mzee, leo umekula chaji ngapi?" Nikazoea. Tabia zake nilijifunza peke yangu, maana nyumbani sikuwa na mwingine wa kushughulika naye. Adui yake ni joto. Likitoka juani usilichomeke, liache lipoe kwanza. Liegeshe kivulini. Ondoka alfajiri. Usikanyage sana, na ukipata mteremko achia pedali, linajirudishia chaji kidogo. Kiyoyozi washa ukiwa umebeba mgonjwa tu.

Sasa sikiliza. Binti yangu Somoe alikuwa ameolewa Ruangwa. Mume akamwacha na mtoto mchanga, akapotelea machimboni. Mimi nikamtaka arudi kwangu na mjukuu, lakini mama mkwe wake alikuwa anahamia Masasi na alitaka aondoke naye. Jioni moja Somoe akanipigia.

"Baba, njoo kesho. Usipofika, mimi naondoka na mama. Na hilo gari lako lisije likatuacha porini na mtoto."

"Usiwe na wasi, mwanangu. Nitafika."

Unajua nilivyoifagia ile nyumba? Nilifua hadi mapazia. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu nikibishana na redio.

Usiku ule ule umeme ukakatika. Ukarudi jua limeshapanda. Nikachaji uani pasipo kivuli, nikaondoka karibu na adhuhuri, betri imejaa nusu tu na yenyewe inaunguza. Kila nililokwambia usifanye, mimi siku ile nililifanya. Ungekuwa wewe ungengoja?

Njia ilikuwa tupu. Mwezi wa kumi huku kwetu, saa hizo watu wamejibanza chini ya mikorosho, hata mbuzi humwoni. Kiyoyozi nilikizima, nikafungua kioo, ukaniingia upepo wa moto. Chaji ikawa inayeyuka naiona. Nusu ya njia sijafika, dashibodi inasoma asilimia kumi na nane. Nikaanza kumwomba Mungu kwa sauti, nimfikie mwanangu tu, mengine baadaye.

Hapo ndipo nikamwona. Mama wa makamo, kanga kichwani, amesimama juani peke yake, hana mwavuli wala mzigo. Akanyoosha mkono.

"Kaka, nisogeze mbele."

Mtu mwenye akili zake, chaji kumi na nane, anaongeza uzito? Lakini tangu juzi yake sikuwa nimeongea na mtu uso kwa uso. Nikasimama, akaingia nyuma. Dereva yeyote, neno la kwanza kwa abiria ni kumuuliza anashukia wapi. Nimeliuliza maisha yangu yote. Siku ile sikuliuliza, nilifurahi tu kwamba kuna mtu.

Basi bwana, nikafunguka. Nikamweleza habari za Somoe, za mjukuu, za marehemu mke wangu, mpaka za betri. Yeye anaitikia tu, "Ee, kaka." Mara nahisi kisogo kimepoa. Nikapandisha kioo, na ndani kukawa na ubaridi wa ukutani penye mtungi wa maji. Nikamchungulia kwenye kioo cha kati: uso mkavu, hana hata tone la jasho, na kanga yake haina vumbi. Nikatazama dashibodi, kumi na nane. Tukapanda mlima, kumi na nane. Tukapita Likunja, kumi na nane ile ile. Utasema ningeshtuka, eti? Wallahi sikushtuka. Nilisema alhamdulillahi, nikakanyaga.

Ruangwa nikaegesha mlangoni kwa Somoe, nikageuka nimkaribishe mama wa watu maji ya kunywa. Kiti kitupu. Mlango sikuusikia. Nikajisemea, atakuwa ameshuka pale nilipopunguza mwendo. Mtu akitaka kitu sana haoni tabu kujidanganya.

Somoe akatoka na mtoto mgongoni. "Shikamoo, Baba. Kumbe limefika!"

"Marahaba, mama. Limefika na chaji bado ipo. Pakia vitu twende."

Nilipaswa kulichomeka, tulale, tuondoke alfajiri. Lakini yule mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini amenuna, nikaogopa kukikucha atakuwa ameshambadilisha mawazo.

Somoe akakaa nyuma, kushoto. Papo hapo mtoto akapiga ukelele. Nimelea watoto, sijapata kusikia kilio kile. Anatetemeka mwili mzima, midomo imemgeuka myeusi, na nje jua bado linachoma. Somoe akapapasa kiti.

"Baba, mbona pa baridi hivi? Nani alikaa hapa?"

"Mama mmoja. Nilimpa lifti njiani."

"Kashukia wapi?"

Nikageuka kuitazama barabara niliyojia. Somoe alinitazama, na nikaona amenielewa kabla mimi sijajielewa. Akaruka nje na mwanawe, na mtoto akanyamaza pale pale.

"Nisamehe, Baba," akasema huku machozi yanamtoka. "Mimi humo sipandi."

Nikarudi mwenyewe. Yaani nilidhani ni mwenyewe. Kabla sijatoka mjini, kisogo kikapoa tena. Nikaingia Nachingwea na kumi na nane yangu.

Somoe yuko Masasi. Nilimfuata kwa basi, nikasema gari ndilo lenye balaa, mimi ni babu tu. Wakanipikia, wakanipa mjukuu nimpakate. Akaanza kutetemeka. Nikamrudisha kwa mama yake, nikaomba kwenda zangu stendi. Siku hizi tunaongea kwa simu. Mjukuu ameanza kuota meno, ninamsikia akicheka kwa mbali.

Gari halijaona waya wa chaji tangu siku ile. Vijana wananifuata, "Mzee, tupe siri, joto hili unafikaje Ruangwa na kurudi?" Nawaambia kivuli, alfajiri, mwendo wa taratibu. Ni kweli yote, yashike na wewe. Ila ukiishiwa chaji mchana porini, kaa chini ya mkorosho ungoje jua lipunguke. Aliye nyumbani akikununia, mwache anune, kesho atakusamehe. Na akitokea mtu asiyetoka jasho akakwambia umsogeze mbele, kabla hajaugusa mlango wako muulize anashukia wapi. Usione haya, hata ukiwa na hamu ya mtu kiasi gani.

Mimi nilichelewa. Juzi ndipo nimemuuliza, tuko njiani, jua kali. Akajibu taratibu kutoka nyuma yangu:

"Pale utakaposhukia wewe, kaka."

Niamini, nywele zilinisimama. Lakini nilifurahi pia kujibiwa.