Jibu la Mgiriki kwa Mfalme

Mwalimu wetu wa hesabu wa kidato cha pili alikuwa na kisa kimoja alichokirudia kila tulipolalamika. Mgiriki mmoja wa kale, aliyeandika kitabu cha jiometri, aliulizwa na mfalme kama hakuna njia ya mkato ya kuijua elimu hiyo. Akajibu kwamba njia ya wafalme peke yao haipo. Mfalme naye atapita wanakopita wengine. Katika jiometri yote, hicho ndicho nilichobaki nacho.

Nimehama sana tangu hapo, na kila nilipofika nilitamani nilikotoka. Jeddah nilikuwa dereva wa nyumbani, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Jioni moja tulikwama kwenye foleni ya kuelekea ufukweni, na bosi wangu, ambaye sote pale nyumbani tulimwita baba, akaanza kupigapiga dashibodi.

"Yalla, tafuta njia!"

"Baba, hata mfalme aliambiwa njia yake peke yake mafi, hakuna," nikasema, nikamsimulia kisa kizima kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Nilidhani nimepata rafiki.

Tulipohamia Riyadh, nyuma ya maghorofa ya Olaya, nikawa burudani ya wageni wake. Wakishashiba naitwa sebuleni, navua viatu mlangoni, nasimulia.

"Huyu simwachi," aliwaambia. "Wengine wanajua kuendesha gari tu."

Alisema kweli. Mama yangu alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu kule Voi, na dada yangu hakuchoka kupiga simu: "Kaka, njoo angali anakujua." Tikiti ningepata. Nilichokosa ni ruhusa ya kutoka nchini, ambayo dereva wa nyumbani hapewi mpaka kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini, aibonyeze kwenye simu yake mwenyewe. Nikamwomba baba tukiwa garini.

"Nataka kwenda likizo mapema, baba. Mama hali yake si nzuri."

"Mapema?" Akanigonga bega. "Njia ya mkato mafi, hata kwa dereva! Si wewe uliyenifundisha?"

Nilicheka naye. Usukani ulikuwa wangu, gari lake.

Kila nilipoomba tena, jibu lilikuwa lile lile, na kila mara alilifurahia upya. Nikaanza kumchukia yule Mgiriki. Yeye alimjibu mfalme, akarudi kwenye mistari yake na maduara yake. Hakuna mahali nimesikia kwamba baadaye alihitaji likizo.

Mama akaanza kuniita kwa jina la mjomba. Kisha akawa hataki simu kabisa, anaisukuma. Ijumaa moja asubuhi dada alipopiga, hakusema njoo. Alisema, "Kaka, ametutoka. Tukungoje au tuzike?"

Sebuleni palikuwa na wageni wa kahawa. Baba aliponiona tu, akawageukia. "Huyu hapa! Wape ile ya mfalme."

"Baba, mama yangu amefariki."

Baba akamwombea marehemu rehema, akachukua simu yake, akabonyeza kwa kidole gumba. Mkono wa pili haukuachia hata kikombe.

"Halas. Nenda ukazike."

Nikamshukuru. Ujumbe wa ruhusa ulilia mfukoni mwangu nikiwa bado mlangoni, sijamaliza kuvaa viatu.