Kabari ya Darubini ya Manundu

Miaka ile ya Waingereza nilikuwa nakereza vyuma katika karakana ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Kazi yangu kubwa ilikuwa vipuri vya korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Darubini sikuwahi kuiona.

Mtaa wa Manundu, hapo Korogwe, aliishi Mhindu mmoja muuza vitambaa, mtu mzima, aliyependa nyota kuliko duka lake. Nyuma ya nyumba alijenga kibanda cha mabati ambacho paa lake lilisukumwa kando juu ya reli kuukuu za troli. Katikati mwashi alimmwagia nguzo ya zege yenye bolti nne za kufungia darubini. Kisha darubini yenyewe ikafika kwa treni kutoka Tanga, ndani ya sanduku lililojaa maranda, na haikufunga.

Alikuja karakanani na michoro. Shingo ya darubini, yaani kile chuma kinachoishika na kuizungusha, ilikuwa na matundu matatu, na nguzo ina bolti nne. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba shingo ilitengenezwa kwa ajili ya Uingereza. Mhimili wake lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia, ndipo darubini iweze kuifuata nyota. Kule kwao husimama mshazari. Kwetu, karibu na ikweta, unatakiwa kulala karibu chali, ukitazama kusini. Shingo ile ilikwama kwenye digrii thelathini, haikushuka zaidi, naye alihitaji tano.

Msimamizi wetu, Mwingereza, alitazama michoro bila kukaa. "Irudishe ilikotoka," alisema. "Hapa tunatengeneza korona."

Mzee akakunja karatasi zake polepole. Nikamfuata hadi getini.

"Shikamoo mzee. Naomba Jumapili nije niione."

"Marahaba. Utaweza?"

"Sijui. Nione kwanza."

Jumapili nililaza karatasi juu ya bolti na kuisugua kwa mkaa, alama zikatoka, nikagundua kuwa mwashi hakuzipanga sawasawa. Moja ilikuwa imekwenda pembeni. Matundu ya shingo nikayachukua vilevile. Kilichotakiwa ni kabari ya chuma: chini ikae kwenye bolti nne, juu iipokee shingo, na mteremko wake uondoe zile digrii ishirini na tano. Mzee alipiga hesabu, akaniambia kila futi moja inyanyuke inchi tano na nusu na kidogo. Nilimwelewa papo hapo, maana hata paa la nyumba tunalipandisha hivyo.

Nilimwomba msimamizi mabamba ya korona iliyokufa, na ruhusa ya kubaki karakanani baada ya kazi.

"Ukivunja keekee, kazi huna," alinijibu. Nikaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Kabari ya kwanza niliiharibu. Nilichomelea upande mmoja wote kwa mkupuo, moto ukalivuta bamba, na tulipoifunga kwenye nguzo pima maji ilionyesha kuwa imelala ubavu. Nilijisikia vibaya mno. Mzee aliona uso wangu.

"Inafaa," alisema. "Nitapachika kipande cha bati chini yake."

"Hapana, mzee. Hiyo si kazi."

Niliibeba begani nikairudisha. Ya pili nilichomelea kidogo huku, kidogo kule, nikiacha chuma kipoe kila mara. Nyuso zote mbili nikazisawazisha kwenye mashine, kisha nikamalizia kwa tupa, jioni tatu mfululizo, mpaka nilipoweka rula juu yake sikuona mwanga ukipita.

Tuliifunga Jumamosi. Sakafuni mzee alikuwa amechora mstari wa kaskazini na kusini kwa kivuli cha timazi cha saa sita mchana, nasi tukailaza kabari juu ya mstari huo. Bolti nne ziliingia bila nyundo. Shingo ikakaa. Pima maji ikatulia katikati.

Jua lilipozama na nyota za kwanza kutoka, mzee aliielekeza darubini, akasogea pembeni. "Anza wewe."

Niliona nyota yenye pete, imening'inia peke yake, ndogo na safi. Ikaanza kutembea kuelekea ukingoni. "Zungusha skrubu hii tu," alisema. Nikaizungusha taratibu, nyota ikarudi katikati, nami nikaendelea kuifuata hivyo hivyo, kwa skrubu moja, kwa muda mrefu, haikupanda wala kushuka. Hapo nikajua kabari imekubali. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki iliyofuata msimamizi alikuja na mkewe kutazama. Alipomaliza kuangalia mbinguni, aliinama akapitisha kidole gumba kwenye maungio ya kabari.

"Pembe hii uliipataje?"

Nikamweleza, mbele ya mkewe na mbele ya mzee, kuanzia mkaa hadi tupa. Aliuliza maswali mawili, nikajibu yote. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilitamani nikutane na mtu aniulize natoka wapi.