Vidonge Hamsini na Vitatu vya Futi

Mume wangu ni fundi cherehani. Watu wanamwita Futi, maana hawezi kukutana na mtu asimpime kwa macho. Ana desturi yake moja: kitambaa cha mteja hakimalizi. Lazima abakize kipande, akikunje, amrudishie mwenyewe pamoja na nguo. "Siku ikichanika utanikumbuka," anamwambia. Wateja wanampenda kwa hilo. Mimi nusura linifanye mjane.

Saratani ya tezi ilimwanza shingoni. Akatundikiwa dripu za dawa, nywele zikapukutika, uvimbe ukaisha, tukashangilia. Mwaka haukutimia ukarudi, safari hii na kwapani. Dawa za mara ya pili hazikufua dafu. Ndipo daktari wake, mama mmoja mwembamba asiyejua kuzungusha maneno, akatuambia kuna utafiti. Dawa mbili zinajaribiwa kwa pamoja kwa watu ambao ugonjwa umewarudia au umekataa matibabu: moja dripu kila baada ya wiki tatu, nyingine vidonge vitatu kila asubuhi.

"Siahidi kitu," alisema. "Hatujui kama zitafanya kazi. Ndiyo maana tunajaribu."

Futi akasaini. Kila asubuhi akawa anajaza daftari la vidonge alilopewa, na kila akienda kliniki anarudisha chupa tupu. Nesi anaitazama, anaweka alama ya vema. Nami nikajidanganya kwamba mambo shwari.

Wiki ya nane akapigwa picha. Jumatatu daktari akapiga simu: uvimbe haujapungua, na wa kwapani umeongezeka kidogo. Tuende Alhamisi waamue. Dawa zikionekana hazimsaidii, anatolewa kwenye utafiti.

"Na akitolewa?" nikauliza.

"Akitolewa, sina dawa nyingine ya kumpa."

Basi tena, hapakukalika. Nilifagia nilipokwisha kufagia. Nilibandika chai nikaisahau mpaka sufuria ikaungua. Futi naye kakaa kwenye cherehani anakanyaga pedeli bila kitambaa, taka-taka-taka, mpaka nikamwambia aache kabla sijaitupa nje hiyo mashine. Jumatano, katika kupangua visivyohitaji kupangwa, nikashusha kopo lake la vifungo. Ndani, chini kabisa, mlikuwa na kifurushi cha kitambaa. Nikafungua. Vidonge! Nikavihesabu mara mbili. Hamsini na vitatu.

"Futi! Hivi ni nini?"

Akaviona, akanywea. "Nimevibakiza."

"Unavibakiza vya nini, wewe mwanaume?"

"Ugonjwa ulisharudi mara moja, mama watoto. Utarudi tena. Utafiti ukiisha nani atanipa? Siku tatu za mwanzo nilimeza vyote. Baadaye nikawa nameza viwili, kimoja naweka, ukirudi niwe na pa kuanzia."

"Na kwenye daftari?"

"Naandika vitatu."

Jamani! Nilipandwa na hasira nikakosa pa kuziweka. "Unaweka dawa ya ugonjwa utakaokuja, na uliopo hujapona? Akili zako ziko wapi?" Kisha nikakaa chini nikalia.

Akaniomba nisiseme, watamfukuza kwa uongo. Nami sitajifanya malaika: dakika kadhaa nilitaka kunyamaza. Halafu nikamwambia, "Kutoka, kesho utatoka tu. Ukisema, labda usitoke."

Alhamisi, kabla daktari hajafungua faili, Futi akaweka kifurushi mezani akasema yote. Daktari akavua miwani.

"Unajua nilichokuwa nataka kuandika leo? Kwamba dozi hii haitoshi. Kuna mwalimu hapo nje anaanza dawa hizi wiki ijayo. Tungemwongezea yeye, na wanaomfuata. Kwa sababu ya daftari lako."

Futi akajifunika uso. Daktari akatuambia tusubiri nje awapigie simu wasimamizi wa utafiti.

Saa nzima kwenye benchi. Mimi nasimama, nakaa, nasimama. Mwalimu mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyejifunga kilemba, akatusogelea akamuuliza Futi kama vile vidonge vinatapisha.

"Siku tatu za kwanza vilinichefua," Futi akasema. "Baada ya hapo sijui, mwalimu. Sikuvimeza vyote. Usinifuate mimi."

Tukaitwa. Picha haijavuka kiwango cha kumtoa, daktari akasema, kwa hiyo wamekubali aendelee hadi picha ijayo. Atameza vitatu mbele yangu, na mimi nisaini pembeni. Vile hamsini na vitatu vinabaki kliniki.

"Uvimbe unaweza kupungua, unaweza usipungue," alisema. "Ila safari hii tutajua."

Ijumaa asubuhi nikamwekea vitatu kiganjani. Viwili vikaenda kwa funda moja la maji. Cha tatu akakishika, anakigeuzageuza.

"Nikimeza hiki, sina kitu."

"Huna."

"Na ukirudi?"

Nilikuwa na uongo mzuri tu mdomoni, nikaumeza. "Ukirudi tutalia, baba watoto. Meza."

Akameza. Kisha, bila kuambiwa, akafungua kinywa nione.