Mke Mwenza wa Chuma

Fundi saa ni mtu wa maneno machache, na mashine yake ya kuchapa, inayotuma na kupokea maandishi kwa redio, mkewe huiita mke mwenza. Kila alasiri huitia mafuta, huvaa hedifoni, huzungusha kitufe polepole mpaka milio miwili ya redio inayobeba herufi ikae sawa, kisha hutulia. "Kwanza unasikiliza," husema, "usije ukamkatiza mwenzio." Ndipo huanza kudonoa herufi kwa vidole viwili, na mashine ikanguruma hadi vikombe vinacheza kabatini.

Jumamosi moja mke aliingia kumwambia waziwazi kwamba mashine ihamie bandani. Fundi hakumsikia. Rafiki wa ng'ambo alikuwa amemuuliza kwa mashine, "Mkeo hajambo?" naye alikuwa akidonoa jibu huku jasho linamtoka: HAJAMBO. AKISAFIRI NYUMBA HAINA RAHA. SIJAPATA KUMWAMBIA. Mke aliyasoma hayo karatasini, akichungulia juu ya bega lake, akayasoma tena, na habari ya banda ikamtoka kichwani. Akavuta kigoda, akaketi.

"Mwambie namsalimu," alisema. "Na umwambie unakoroma."

Fundi aliona haya, lakini akadonoa yote mawili. Punde karatasi ikaleta jibu: HATA WANGU HUNIAMBIA HIVYO.