Kioo cha Ndege Kilichopotelea Tassia

Aibu hii ningeenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Tassia unaisimulia vibaya, acheni niisimulie mwenyewe.

Mimi ni fundi wa ndege. Kazini kwetu kila kifaa kina umbo lake lililochorwa ubaoni, na zamu ikiisha umbo moja likiwa tupu, hata la bisibisi tu, ndege haiondoki, maana kifaa hicho huenda kiko ndani ya injini, na aliyekipoteza hupokonywa pasi ya kuingia uwanja wa ndege, na bila pasi hakuna kazi. Ndiyo maana tunavua ovaroli kabla ya geti la ukaguzi. Siku hiyo sikuvua (napenda majirani waione ile mistari ya kung'aa, mnisamehe), mashine ikalia, askari anayenijua akacheka, "Ni zipu hizo, pita fundi," nikapita.

Nyumbani nikamkuta mke wangu, Akinyi, amesimama mlangoni. Kwa muda kitu kilikuwa kikigonga nyuma ya ukuta wa bafu, ngo, ngo, kinatulia, ngo, na mchana huo hakikuwa kimenyamaza. "Baba Tito, leo ingia wewe. Mimi siogi humo tena."

Nikatia mkono mfukoni nitoe kitambaa nipanguse jasho, nikashika kioo cha kukagulia, kile kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, cha kuchungulia pasipoingia kichwa. Nilikuwa nimekisahau humo. Ningepiga simu kazini papo hapo yangeishia hapo, lakini kile kitu ukutani kikagonga tena, nikajiambia nichungulie kwanza, mara moja tu, nikakipitisha kioo kwenye tundu la hewa la bafu.

Nikaona jicho. Jicho la mtu, limetulia, linanitazama, halipepesi. Nikapiga yowe, kioo kikaniponyoka kikaanguka huko nyuma, na kabla sijapumua simu ikalia, supavaiza: "Fundi, kioo chako kiko wapi? Abiria washaketi!"

Wakaja maafisa wawili wa usalama wa uwanja wa ndege na gari lenye taa, wapangaji wa ploti yote wakatoka kutazama. Nikaeleza.

"Kwa hivyo umetoa kifaa cha ndege uje uchungulie bafu ya watu?" afisa mmoja akauliza, kwa sauti ya kutangaza.

Mama Brayo, ambaye nyumba yake ndiyo iko upande wa pili wa ukuta wa bafu, akajifunga leso upya. "Aki wewe! Na vile huwa nakuita mtu wa heshima!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami kwa ujinga nikajitetea, "Lakini mama, niliona jicho lako."

Akaacha kucheka. "Mimi natoka soko saa hii. Na huo upande sina dirisha, ni ukuta tu."

Hakuna aliyecheka tena. Msimamizi wa ploti akapanda juu ya paa, akakivua kioo kwa waya kutoka mwanya ulio kati ya kuta. Mpini ulikuwa umejaa matope na masizi, lakini kioo chenyewe kilikuwa safi, kimepanguswa. Afisa alikitazama, akakitia mfukoni, wakaondoka. Baadaye tukaisikia ndege ikipita juu yetu.

Pasi waliichukua, na nilikaa nyumbani muda nisiopenda kuutaja kabla ya kurudishiwa. Siku hizi navua ovaroli mapema na kugeuza kila mfuko nje mbele ya askari, wenzangu wakinicheka, na nimeapa sitachungulia tena tundu lolote lisilo la ndege.

Akinyi ana furaha, maana kugonga kuliisha siku ile ile. Mimi silali. Kazini tumefunzwa kuogopa kitu tusichojua kiko wapi, na hicho kilipokuwa kikigonga, angalau nilijua kiko nyuma ya ukuta.